Jumba Kuukuu na Nyumba Ndogo: Khiari ya Makazi katika Mji wa Unguja

Mtu aliyejaliwa uwezo wa kujichagulia maskani aghalabu hujikuta kati ya mambo mawili: nyumba kubwa iliyochakaa, yenye wasaa wa vyumba na ua, ambayo paa lake lavuja na kuta zake zadondoka lipu, na nyumba ndogo iliyotengenezwa upya, safi, yenye maji na taa, ambayo haina pa kumlaza mgeni. Madalali wa siku hizi hulinadi swali hili kana kwamba limezaliwa pamoja nao. Mjini Unguja swali hilo lina umri unaokaribia miaka mia mbili, na katika muda huo limejibiwa na mabinti wa wafalme, na wadeni, na warithi waliogombana, na watumwa waliopata uhuru wao, na serikali zilizopingana karibu katika kila jambo. Na mwenye kuyafuatia majibu yao kwa utaratibu ataona ya kuwa ni wachache mno waliochagua kwa kuangalia ukubwa wa nyumba au upya wake. Waliangalia, au walilazimishwa kuangalia, ni nani atakayelipia chokaa.

Jibu moja la kale tulilo nalo kwa maandishi lilitoka kwa mtoto. Seyyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini ya mji, aliandika kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani, zikachapishwa mwaka 1886, miaka ishirini baada ya yeye kuikimbia Unguja. Mtoni lilikuwa kongwe kuliko makasri mengine ya baba yake, Sultani Seyyid Said, kisiwani. Limejengwa bila ya mpango mmoja, limeongezwa chumba baada ya chumba kadiri aila ilivyozidi, wala uzuri wa majengo yake haukuwa wa kutajwa sana. Walakini lilikuwa na ua mpana mno, tausi na paa na mbuni wakizunguka humo, na bahari mbele yake. Ndugu yake Majid alipofikia umri wa kupewa nyumba yake mwenyewe, akapewa Beit al-Watoro mjini, na Salme na mama yake wakahamia huko pamoja naye. Na mtoto yule, aliyezoea kukimbia uani kutwa, akaiona nyumba ya mjini kuwa finyu na yenye kubana roho. Nyumba hiyo haikuwa duni hata kidogo. Ilikuwa karibu na bandari, karibu na habari, karibu na watu wa daraja yake. Na kwa mtu mzima mwenye haja na mambo ya dunia, faida hizo zingetosha kuufidia ua. Mtoto hakuona illa ua alioupoteza, na alipokuwa mtu mzima huko Ujerumani, baada ya kukaa katika nyumba nyingi za ugenini, aliendelea kuuandika.

Sasa tuliangalie jumba la mawe lenyewe, maana bila ya kujua namna lilivyojengwa hatuwezi kufahamu kwa nini lilikuwa kubwa, wala kwa nini lilikuja kuwashinda wenyewe. Tangu Seyyid Said alipoifanya Unguja kuwa makao yake, na zaidi tangu mikarafuu ilipoanza kuzaa kwa wingi mashambani, rasi ya Shangani na mitaa iliyoizunguka ikajaa majumba ya mawe ya matumbawe, yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Chokaa yenyewe ilichomwa kwa matumbawe yaliyopangwa juu ya magogo, ikaachwa ilainike kabla ya kutumiwa. Dari zilibebwa na boriti za mikoko zilizokatwa katika delta ya Rufiji na pwani ya Lamu, zile zile zilizopakiwa majahazini kupelekwa Uarabuni na Ghuba, ambako miti ni haba. Juu ya boriti hutandikwa mawe na chokaa, na sakafu ikapigwa kwa vijiti, siku baada ya siku, watu wakiimba, mpaka ikashikana. Urefu wa chumba waweza kuwa wowote autakao mwenyewe, lakini upana wake una mpaka, nao ni urefu wa boriti, ambao kwa kawaida haupiti mita 3 hivi. Kwa hiyo tajiri wa Unguja, hata angekuwa na fedha kiasi gani, hakuweza kupanua chumba. Aliweza kuongeza vyumba tu, akazunguka ua kwa vyumba vyembamba virefu, kisha akapandisha ghorofa juu ya ghorofa. Ukubwa wa jumba la Shangani au la Hurumzi ni wingi wa vyumba, wala si upana wa nafasi, na jambo hili wageni wengi hawalitambui mpaka waingie ndani.

Kuta namna hiyo hunywa maji ya masika na kuyatoa wakati wa kaskazi, maadamu zimepakwa chokaa na paa li zima. Zikiachwa misimu michache bila ya kupakwa, maji hupenya mpaka kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, vikaoza mahali pasipoonekana na jicho, na siku moja dari hushuka. Basi jumba la mawe halikujengwa mara moja likamalizika. Lilijengwa upya kidogo kidogo kila mwaka, na kila mwaka lilitaka chokaa, boriti, waashi, na vibarua wa kupanda na kushuka ngazi. Katika zama za Seyyid Said na za wanawe, wengi wa wapandao na kushuka hawakulipwa, kwa sababu walikuwa watumwa. Chini walikaa wao pamoja na magunia ya karafuu na mitungi ya maji. Juu walikaa wenye nyumba, wakipata upepo. Waandishi wanaosifu milango ya nakshi ya Unguja, na wengi wameisifu kwa haki, ni nadra kuuliza maji ya kuoga yalifikaje ghorofa ya tatu.

Mambo yaliyolishika jumba hilo yakaanza kuondoka moja moja. Kimbunga cha mwaka 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1873 Sultani Seyyid Barghash, mwana wa Seyyid Said, alitia saini mkataba uliolifunga soko la watumwa. Mwaka 1897 hukumu ya utumwa ikafutwa katika sheria. Wenye mashamba wakakopa kwa kutegemea mavuno ya mwaka ujao, wakaweka rehani shamba, kisha nyumba. Na rehani nyingi hazikukombolewa. Hivyo majumba mengi yaliyojengwa na Waarabu yakaingia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi, ambao wao kwa desturi yao walijenga nyumba za namna nyingine, nyembamba, duka mbele na watu juu, zikitazama njia badala ya kutazama ua. Na aliyepata jumba la Kiarabu kwa deni mara nyingi aliligawa, akafungua maduka chini na kupangisha juu. Kufikia miaka ya 1930, deni la wenye mashamba lilikuwa limekuwa jambo la serikali, likatungiwa sheria.

Lakini deni peke yake lisingaliyavunja majumba. Kulikuwa na jambo jingine, la kimya zaidi, lililoingia katika kila nyumba bila ya kubisha hodi, nalo ni mirathi. Natujaalie mtu amefariki akaacha mke, wana watatu wa kiume na mabinti wawili, na mali yake yote ni jumba moja la Mkunazini. Kwa hukumu ya sheria mke hupata thumuni. Kinachobaki hugawanywa, mwana wa kiume akipata sehemu mbili za binti. Nyumba hiyo ikihesabiwa kuwa mafungu 64, mama ana 8, kila mwana ana 14, na kila binti ana 7. Mgawanyo huo ni wa haki, na hakuna aliyedhulumiwa. Sasa acha mwana mmoja afe Pemba akiacha wake wawili na watoto, binti mmoja aolewe Mombasa, na mwana mwingine asafiri Maskati asirudi: katika kizazi cha pili nyumba ina wenyewe ishirini, na katika cha tatu hapana anayeweza kuwataja wote kwa majina. Paa linapovuja, anayekaa ndani husema, na ana hoja, ya kuwa si haki yeye mwenye fungu dogo atie fedha kwa faida ya wenziwe. Na walio mbali husema, nao wana hoja, ya kuwa anayekaa bure ndiye apasaye kutengeneza. Mvua haingoji shauri hilo liishe.

Wazee waliliona jambo hili, ndiyo maana wengi waliziweka nyumba zao wakfu, ama kwa msikiti ama kwa dhuria zao, zisiuzwe wala zisigawanywe daima. Dawa ilikuwa njema kwa nyumba iliyoachiwa shamba au duka la kuihudumia. Nyumba iliyowekwa wakfu peke yake, bila ya kitu cha kuilisha, iliepuka kuuzwa lakini haikuepuka kuporomoka.

Ng'ambo ya maji kulikuwa na jibu tofauti. Pwani Ndogo, ambayo ilikuja kujazwa kidogo kidogo hata ikawa barabara na viwanja, ilikuwa imeutenga mji wa mawe na mitaa ya Ng'ambo. Na huko ndiko walikohamia wengi waliotoka katika utumwa, na wenyeji, na watu wa bara na wa Ngazija, wakajenga nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti. Nyumba ya Ng'ambo ni ndogo na mpango wake ni mmoja: baraza mbele, ukumbi wa kupita katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma penye jiko na choo. Mtu aliyekuwa akilala chini ya ngazi katika jumba la bwana wake, akahama kwenda kukaa katika chumba chake mwenyewe chini ya makuti, alitoka katika nyumba kubwa akaingia katika ndogo, na sidhani kwamba yuko aliyemwonea huruma kwa kupungukiwa nafasi. Makuti hubadilishwa kwa gharama ndogo, udongo hukandikwa na jamaa na majirani, na nyumba ikichoka hujengwa nyingine mahali pale pale. Kasoro yake ilikuwa moja, lakini nzito: kuta zilikuwa mali ya mkaaji, na ardhi iliyo chini yake mara nyingi ilikuwa mali ya tajiri wa upande wa pili au ya wakfu. Kodi ya ardhi ilipopandishwa sana, watu wa Ng'ambo wakakataa kuilipa mwaka 1928, wakashikamana katika kukataa kwao, mpaka serikali ikabidi iingie kati. Kwa hiyo anayesimulia ya kuwa watu wa Ng'ambo walikuwa wakiyatamani majumba ya mawe, asisahau ya kuwa walipogombana na wenye majumba waligombana kwa ajili ya kubaki katika vibanda vyao.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliupindua mpango wote huu. Ardhi ikawa ya serikali. Wenye majumba wengi waliuawa au walikimbia, baadhi yao kwenda Dar es Salaam na Mombasa, baadhi Uingereza, na baadaye wengi Oman. Nyumba zao zikachukuliwa, na familia za Ng'ambo, za mashamba na za Pemba zikaingizwa humo. Sebule iliyokuwa ya wageni ikawa nyumba ya watu sita, ikakatwa kwa mbao katikati. Jiko la makaa likawekwa kwenye roshani. Choo kilichofanyiwa aila moja kikatumiwa na aila tano. Wakaaji walilipa kodi ndogo au hawakulipa, hawakuwa na haki ya kuuza wala uhakika wa kubaki, na mwenye nyumba, ambaye sasa alikuwa ofisi, hakuwa na chokaa. Haifai kuwalaumu waliopewa chumba wakakaa, kama inavyofanywa na baadhi ya wapenzi wa majengo ya kale. Mtu hapaki chokaa ukuta ambao kesho aweza kuamriwa kuuacha.

Katika wakati huo huo serikali ya Mzee Abeid Karume ikatoa jibu lake juu ya swali la makazi, jibu la wazi kuliko lolote lililotangulia: nyumba ndogo, mpya, kwa kila mtu. Unguja ilikuwa nchi ya kwanza ya Kiafrika kuitambua Ujerumani ya Mashariki, na Wajerumani hao wakasaidia kujenga majumba ya ghorofa ya Kikwajuni na Kilimani, kisha mwaka 1968 wakachora mpango wa kuijenga Ng'ambo upya. Ng'ambo ya makuti ikabomolewa kupitisha njia mbili pana zinazokatana Michenzani, na kandokando yake yakasimamishwa majumba marefu ya zege, kwa mikono ya vijana na ya wananchi waliotakiwa kujitolea. Mzee Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 huko Kisiwandui, hatua chache tu kutoka hapo, kabla ya kazi kumalizika. Waliomfuata wakaiendeleza kwa kiasi.

Majumba ya Michenzani yamesemwa vibaya na watu wengi waliopita hapo kwa gari. Ni kweli ya kuwa hayana baraza, na Mswahili asiye na baraza huwa amepunguziwa nusu ya jioni yake. Hayana uani, hata mwanamke aliyezoea kupika na kufua na kuzungumza na jirani mahali pamoja akajikuta na jiko la kuta nne. Wala hayana pa kufuga kuku. Kinu kikitwangwa ghorofa ya nne, wa ghorofa ya tatu hana usingizi. Maji nayo yalipokosa nguvu ya kupanda, ndoo zilirudi ngazini kama katika zama za Seyyid Said, isipokuwa kwamba safari hii kila mtu alijichukulia yake. Pamoja na hayo yote, aliyebomolewa kibanda akapewa fleti yenye umeme na choo cha ndani, bila ya kudaiwa kodi ya ardhi na mtu yeyote, alipewa kitu ambacho babu yake hakukiota, na wengi walikishika wala hawajakiachia mpaka leo. Kilichofanywa vibaya ni kuhesabu vyumba bila ya kuuliza kazi za nyumba zinafanyika wapi. Mjenzi wa jumba la mawe, pamoja na dhuluma iliyolisimamisha jumba lake, alilijua jibu la swali hilo kuliko mhandisi wa Ulaya.

Katika miaka ya 1980 biashara ilipofunguliwa, upepo ukageuka tena. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ukatolewa mpango wa uhifadhi uliotayarishwa kwa msaada wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, baada ya kukaguliwa majengo yapatayo 1,700, mengi yao yakiwa katika hali mbaya. Na mwaka 2000 mji ukaandikwa katika urithi wa dunia. Serikali ikawauzia watu binafsi sehemu ya majumba yake. Hapo ndipo swali letu lilipowarudia watu wa kawaida kwa sura yake ya leo. Aila iliyokaa katika ghorofa mbili za jumba la Kiponda, ambalo mabati yake yametoboka, ilijiwa na mnunuzi mwenye nia ya kufanya hoteli. Na kwa fedha hizo, baada ya kugawana, kila mmoja aliweza kujenga nyumba ya matofali nje ya mji, ndogo, kavu, yenye gari mlangoni. Waliouza wamelaumiwa kwa kuuza urithi. Lakini jumba la kuwagawia watu kumi na wanne haliwezi kutengenezwa na yeyote kati yao, na linaweza kutengenezwa na mmoja aliyelinunua lote. Hesabu ya mafungu 64 ndiyo iliyouza, kabla ya dalali kufika. Lamu, iliyoandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, imeona mambo hayo hayo: nyumba kadhaa za mawe za Mkomani zimenunuliwa na wageni wa Ulaya, nao wenyeji wakajenga pembeni mwa mji.

Na kutengeneza nako kuna kutengeneza. Fundi asiyeijua kazi ya mawe hubandua lipu ya chokaa akapiga saruji, kwa kuwa saruji hukauka upesi na hupendeza mara moja. Unyevu ulio ndani ya ukuta ukakosa njia ya kutoka, ukapanda hadi kwenye boriti, na baada ya miaka michache nyumba iliyofanywa mpya huwa mbovu kuliko ilivyokuwa kuukuu. Mnunuzi aulize kwanza nini kimepakwa ukutani, ndipo aangalie rangi. Hata palipokuwa na serikali na wafadhili, hatari haikuondoka: Beit al-Ajaib, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883 na ambayo ilisalia ilipopigwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki.

Kwa rai yangu, basi, katika historia yote hii nyumba kubwa iliyochakaa imekuwa khiari njema kwa mtu wa namna moja tu: mwenye amri juu yake peke yake, au pamoja na ndugu waliokwisha kuandikiana nani atatoa nini, na mwenye fedha za kila mwaka, si za mara moja. Asiyekuwa na sifa hizo achukue ndogo, bila ya kuona haya, kama walivyofanya watu wa Ng'ambo. Wala asidhani ya kuwa ndogo itamuepusha na mirathi. Fleti za kwanza za Michenzani zina umri wa zaidi ya nusu karne. Waliopewa wengi wamekwisha kufariki, na sasa watoto na wajukuu wao wanakaa pamoja katika vyumba vile vichache, kila mmoja akimtazama mwenzake dari inapotoa tone. Enyi mlio na fungu katika nyumba ya namna hiyo, iwe ya mawe ama ya zege, itaneni mapema, na mtu mmoja apande akague paa kabla ya masika, ambayo huanza mwezi wa Machi.